Nafasi ya Mtu Mmoja

Mimi sina subira na watu wanaosimulia mambo ya majini waliyoyasikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Haya yalitokea nyumbani kwangu, hapa Wabera mjini Isiolo, na waliohusika ni mume wangu, mdogo wangu, na benchi moja la mbao. Nikianza kupandisha sauti univumilie. Ndivyo nilivyoumbwa.

Mume wangu aliitwa M'Ikiara, na mji mzima ulimjua kama M'Ikiara wa Picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mabati: shuka jeupe ukutani, kamera juu ya miguu mitatu, na nyuma ya pazia chumba cha giza cha kusafishia filamu. Alikuwa mpole, mtu wa kufikiri jambo mara mbili kabla ya kulisema. Mkali ni mimi. Kwenye foleni ya unga sijawahi kumpisha mtu, awe chifu awe nani, na M'Ikiara alipenda kunitania: "Mama Kinoti, malaika wakija kukuchukua watakukuta umekaa, na wataondoka mikono mitupu."

Mwaka wa sabini na nne studio yake ya kwanza iliungua na kila filamu iliyokuwa ndani. Mzee mmoja wa Korbesa alikuja akasimama mbele ya majivu siku nzima, kwa sababu picha ya pekee ya marehemu mkewe ilikuwa humo. Hakulaumu mtu. Alisimama tu. M'Ikiara hakuwahi kupona siku ile. Tangu hapo, kila picha aliyosafisha aliibandika ukutani mahali penye jua, akaipiga picha upya, na hiyo filamu ya pili akaiweka kwenye sanduku la risasi alilonunua kwa mwanajeshi mstaafu. Sanduku la chuma, la kijani, lenye mpira mdomoni. Vumbi la Isiolo haliingii, wala maji. Jioni analibeba mkononi mpaka nyumbani na kulisukuma chini ya kitanda, asubuhi anarudi nalo kazini.

"Studio ikiungua, sanduku lipo," alikuwa akisema. "Nyumba ikiungua, studio ipo."

"Na wewe ukiungua?"

"Basi nawe utakuwa umepumzika." Tunacheka.

Mwaka wa themanini wanawake nao walikuwa wameanza kuandikishwa kipande, yaani kitambulisho. Mdogo wangu Wamucii alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yetu alipokufa Wamucii alikuwa wa miaka saba, nikamlea mimi, na katika watoto ambao sikuwazaa hakuna niliyempenda kumshinda. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi ya mifugo. Kilichobaki ni kipande, na kipande kinataka picha. Jumanne moja asubuhi nikampeleka studio, na chupa ya chai mkononi.

Siku hizo filamu ilikuwa adimu, kwa hiyo M'Ikiara alipiga picha ya benchi. Anakalisha watu wanne bega kwa bega mbele ya shuka, anapiga mara moja, halafu anakata ile picha kwa mkasi, kila mtu na kipande chake. Asubuhi hiyo tulikuta ndugu wawili kutoka Biliqo waliokuja kuuza mbuzi: Jarso, mkubwa, na Abduba. Walikaa upande wa kushoto. Wamucii akakaa mwisho kabisa, upande wa kulia. Katikati yake na Jarso pakabaki pengo.

"Sogeeni," M'Ikiara akasema. "Benchi ni la watu wanne, msikae kama mmegombana."

Jarso akatikisa kichwa. "Haifai, mzee. Huyu ni msichana wa watu. Wacha iwe hivi, tumeacha nafasi ya mtu mmoja."

Kijana mwenye heshima zake. Nilimpenda papo hapo. M'Ikiara naye akaona ni sawa, akainama kwenye kamera, akapiga.

Wamucii akageuza kichwa upande wa lile pengo. "Samahani," akasema, akavuta sketi yake.

"Unamwambia nani?" nikamuuliza.

Akanitazama, akacheka kwa aibu. "Hata sijui."

Jioni M'Ikiara alikuja nyumbani akilalamika kwamba filamu imemchezea. Kwenye ile picha ya benchi kulikuwa na watu wanne. Kati ya Jarso na Wamucii alikaa mwanamke aliyejitanda shuka kichwani, uso mweupe kama karatasi iliyopigwa na jua. M'Ikiara alisema lazima filamu ilikwama ikapigwa mara mbili. Aliipiga picha upya nzima nzima kama desturi yake, akaweka filamu ya pili sandukuni, halafu akakata. Kipande cha yule mwanamke alikitupa.

Wiki mbili baadaye Wamucii alirudi kutoka ofisini ameshika bahasha. Karani alikuwa amekataa picha.

"Amesema kipande ni cha mtu mmoja," akaniambia. "Ameniuliza huyu aliyenishika bega ni nani."

Niliitazama ile picha pale mlangoni, kweupe, saa nne ya asubuhi. Ukingoni, mkasi ulipopita, kulikuwa na vidole vinne juu ya bega la mdogo wangu. Vimetulia. Kama mtu anayetaka kukunong'oneza jambo kanisani.

Nikamfuata M'Ikiara studio, na wapita njia wa Wabera walinisikia. Alivitazama vile vidole kwa kioo cha kukuza. Nilimwambia achome kila kitu. Akaleta filamu, akaleta mabaki ya karatasi, na mimi mwenyewe nikavitia kwenye jiko la makaa. Filamu ilijikunja ikatoa moshi mweusi. Nikaenda kupika chakula cha mchana nikijua yamekwisha.

Hayakwisha. Wamucii akaanza kusogea.

Mara ya kwanza niliona kanisani. Tulikaa kwenye benchi, mimi huku, yeye kule, na kila wimbo ulipoisha alikuwa amesogea kidogo. Mahubiri yalipomalizika alikuwa amekaa nusu, mguu mmoja kwenye njia. Nyumbani akawa analala ukingoni. Akitembea barabarani anaacha nafasi kando yake, anatembea kwenye mtaro, lori likija anasogea upande wa lori. Upande wa lori, unanielewa? Nilimvuta mkono mara mbili kwa siku moja.

"Wewe msichana una nini?"

"Ananiomba nafasi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Simwoni. Lakini hanisukumi, tafadhali usimkasirikie. Ananiomba kwa adabu. Anasema, nisogezee kidogo."

"Na wewe unasogea?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si ndivyo ulivyonilea? Mgeni akisimama, nimpishe."

Aki ya Mungu nilitamani kujipiga kofi. Mimi niliyekataa kumpisha chifu ndiye niliyemfundisha huyu mtoto adabu, kwa fimbo, kwa sababu sikutaka watu waseme ni mkorofi kama dadake. Usiku nilimlaza upande wa ukuta, mimi nikalala upande wa nje. Asubuhi nikamkuta amejibana ukutani mpaka shavu limechubuka kwa simenti.

M'Ikiara aliacha kula vizuri. Hakukaa mahali pamoja. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi. Nilidhani ni wasiwasi tu.

Abduba alikuja studio Ijumaa, baada ya sala ya mchana, nasi watatu tukiwa humo. Jua lilikuwa kali, mabati yakilia juu yetu. Alisalimu akabaki kizingitini, hakutaka kukaa. Nilimwona peke yake nikauliza, "Jarso yuko wapi?"

"Jarso amekufa, mama."

Alituambia akitazama chini. Jumatatu walikuwa wakirudi nyumbani, juu ya lori la mahindi, watu kumi wamekaa kwenye magunia. Nafasi ilikuwa tele. Lakini Jarso alikuwa akisogea. Abduba akamwambia, kaa hapa katikati. Jarso akasema, huyu mama hana pa kukaa. Hapakuwa na mama. Akasogea tena. Walikuwa mbele ya Merti kidogo, mchana kama huu, kila mtu akitazama.

"Hakuteleza," Abduba akasema. "Wallahi, alisogea tu mpaka gunia likaisha."

Wamucii alikuwa amekaa kwenye stuli kona ya chumba. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa stuli, mkono mmoja umeshika ukuta ili asianguke.

"Lakini tulichoma!" nikapiga kelele. "Baba Kinoti, si tulichoma?"

M'Ikiara alisimama pale pale. Alikuwa akitazama sanduku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alileta ya studio ikachomwa. Ya sanduku aliiacha. Na sikumtukana, ingawa matusi yalinijaa mdomoni, kwa sababu nilimwona yule mzee wa Korbesa machoni pake. Mume wangu alikuwa hawezi. Kuchoma picha ya mwisho ya mtu, mkono wake ulikataa.

"Nilisema nitachoma kesho," akanong'ona. "Kila siku nikasema kesho."

"Lete."

Alifungua sanduku. Mpira ulitoa pumzi, kama kawaida yake. Akatafuta bahasha ya mwezi ule, akaingia nayo chumba cha giza kuitia kwenye karatasi, ili tuone. Tukangoja nje ya pazia, mimi, Abduba na Wamucii. Nilimshika Wamucii kiuno kwa mikono miwili.

M'Ikiara alitoka na picha mbichi, inadondosha maji. Aliiweka mezani bila kuigusa tena.

Benchi lilikuwa lile lile, na shuka lile lile. Abduba alikuwa mahali pake. Kando yake, alipokaa Jarso, kulikuwa na mbao tupu. Kisha yule mwanamke. Hakuwa tena katikati ya pengo. Alikuwa amebanana na Wamucii, bega kwa bega. Na Wamucii alibaki nusu. Sikio moja, jicho moja, mkono mmoja. Nusu nyingine ilikuwa imetoka nje ya picha.

Hakuna aliyekuwa ameigusa filamu ile. Ilikuwa imefungiwa ndani ya chuma.

Nilichukua kiberiti. M'Ikiara akanishika mkono, na ndiyo mara ya pekee maishani alinishika kwa nguvu.

"Ukichoma sasa," akasema, "unachoma nini? Mtoto yuko humo nusu."

Kiberiti kikaanguka. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga mabati. Tukichoma, huenda tunamchoma. Tukiacha, anasogezwa mpaka aishe. Na hata tulipokuwa tukibishana nilisikia kiuno chake kinateleza mikononi mwangu, taratibu, kwa adabu, kuelekea upande wa mlango ulio wazi na barabara.

Abduba ndiye aliyesema. "Mama yangu hakuacha mahali pa mtu pakiwa wazi. Mtu akitoka kwenye mkeka, anaweka hata fimbo pale. Ndugu yangu aliacha wazi. Alidhani ni heshima."

M'Ikiara aliinua kichwa. Akaliangalia benchi. Akaniangalia mimi. Nilimjua huyo mtu, niliona fikra inavyopita usoni mwake.

"Mama Kinoti," akasema polepole, "wewe hujawahi kumpisha mtu."

"Hata mara moja."

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye benchi, mahali pale pale alipokaa yule. Mbao ilikuwa ya moto, na ndani ya chumba hakukuwa na jua. Mara nikasikia. Sauti ya mwanamke, nzuri, ya kistaarabu, karibu na sikio langu la kushoto. Nisogezee kidogo, mama.

"Sisogei!" nikasema kwa nguvu. "Nenda ukasimame!"

M'Ikiara akapiga.

Kisha akasimamisha kamera, akamwonyesha Abduba kidude cha kubonyeza, akaja kukaa kushoto kwangu, mahali pa marehemu. Yeye ambaye hakuwahi kupigwa picha hata siku ya harusi yetu. Nilimuuliza anafanya nini. "Tukikuacha na pengo," akajibu, "tutakuwa tumefanya kosa lile lile."

Alifanya kazi mpaka alasiri. Picha mpya ilipotoka, alitukata humo sisi wawili kwa wembe, mimi na yeye, mzunguko wote wa mwili, mpaka kwenye nywele. Alichukua picha moja ya Wamucii ya Krismasi, kutoka humo humo sandukuni, akaikata pia. Alinibandika mimi juu ya yule mwanamke. Akajibandika yeye penye mbao tupu. Akambandika Wamucii mzima mwisho wa benchi, akiwa ameniegemea. Gundi ilipokauka aliitundika picha ukutani, akaipiga upya. Filamu hiyo ndiyo aliyoiweka sandukuni. Ile ya zamani, sasa Wamucii akiwa mzima kwenye mpya, aliitia motoni mwenyewe, na hakugeuza uso.

Tulimtazama Wamucii. Nilimwachia kiuno.

Hakuteleza. Akapumua. Kisha akajivuta katikati ya stuli, akatandaza sketi, akasema ana njaa.

Alipata kipande mwezi wa tano, kwa picha aliyopigwa peke yake amesimama. Alipiga chapa ofisi ya mifugo miaka mitatu, akaolewa Nanyuki, ana watoto wawili wasiosikia la mtu. Siku hizi akija hapa anakaa kwenye kiti kwa upana wote, na mimi namtazama nikimshukuru Mungu. Sijutii. Hata sasa, sijutii.

Maana mimi sauti ile haikuniacha. Miaka saba niliisikia, sokoni, kanisani, mahali popote nilipokaa. Nisogezee kidogo. Naijibu vibaya, nageukia shughuli zangu. Watu wakadhani nimeanza kuzeeka, najisemesha. Haikuweza kunifanya kitu. Kulia kwangu kulikuwa na Wamucii. Kushoto kulikuwa na M'Ikiara.

M'Ikiara alikufa mwezi wa nane mwaka huu wa themanini na saba, kwa kifua. Daktari alisema ni dawa za picha alizovuta miaka yote. Aliugua wiki tatu, akaisha kwa upole, kama alivyoishi. Tukamzika kwao Meru. Wageni walipoondoka nikarudi Isiolo, nikaingia chumbani, nikatazama kitanda, upande wa kushoto. Hapo nikakumbuka lile pengo.

Niliweka gunia la maharagwe upande wake. Usicheke. Lilikaa siku kumi. Siku ya kumi na moja nikaamka nikalikuta sakafuni, limesimama, limeegemezwa ukutani. Nikalirudisha. Asubuhi likawa pale pale. Nikamwita Kinoti, mwanangu, alale chumba cha pili, lakini Kinoti ana kazi Nairobi na hawezi kukaa nami milele.

Ile sauti ya mwanamke sijaisikia tangu mazishi.

Wiki iliyopita, alfajiri, mwadhini bado hajaanza, niliamshwa na kikohozi. Kile kikohozi nilikijua. Miaka ishirini na mitatu nimelala kando yake. Halafu sauti, imechoka, ya mgonjwa aliyerudi kutoka chooni na miguu baridi.

"Mama Kinoti. Nisogezee kidogo."

Najua si yeye. Nilijua palepale. Mimi si mjinga. Lakini nyinyi hamjui jinsi nyumba inavyonyamaza mtu akishaondoka. Hamjui nilivyokuwa nikimngoja aseme kitu chochote, hata kunitania.

Nikasogea.

Kidogo tu. Upana wa kiganja. Na kesho yake, alipoomba tena, nikasogea tena. Sasa nimekwambia, na usinihubirie.

Leo nimeamka goti langu moja liko nje ya kitanda. Upande wake, mto ulikuwa umebonyea na bado una joto. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, na kulainishwa kwa mkono. M'Ikiara hakuwahi kukunja shuka maisha yake yote.